"Si Alikuwa na Sukari?"



Machi 2021, Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Padre Charles Kitima, alisema kwamba ndani ya miezi miwili tumepoteza mapadre zaidi ya 25 na masista wapatao 60 wenye matatizo ya kupumua. Takwimu za taifa za Korona zilikuwa zimekoma tangu Mei 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Misibani tukabaki na jibu la haraka: "Si alikuwa na sukari? Mzee alikuwa na presha."

Sasa tujiulize: mtu huyo ameuawa na nini?

Fikiria kiangazi cha Mufindi. Nyasi zimekauka, mtu anatupa kiberiti, msitu unateketea. Ukavu umeusaidia moto, lakini hatusemi ukavu ndio uliochoma msitu. Ndiyo maana mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kifo kilichosababishwa na Korona kihesabiwe cha Korona, hata kama marehemu alikuwa na ugonjwa mwingine. Ugonjwa huo nao uandikwe, ila sehemu yake.

Je, ni rahisi hivyo siku zote? Hapana. Mwenye VVU akifa kwa kifua kikuu, kimataifa kifo chake huhesabiwa cha VVU. Kifua kikuu huandikwa kama kilichochangia. Hapo tunauliza nani alikausha nyasi. Kwetu hili si nadharia: utafiti wa 2016-17 ulikuta VVU kwa takribani asilimia 11 ya watu wazima Iringa na 9 Mbeya, wakati taifa zima ilikuwa kama 5.

Kwa hiyo kanuni za kuhesabu zinaweza kutofautiana. Kinachokatazwa na Amri ya Nane ni kutumia ugonjwa wa zamani ili kuficha ule mpya, au kujifariji kwamba "angekufa tu." Wengi wanaotumia dawa za VVU, sukari au presha wana miaka mingi mbele yao. Tukisema vifo vyao si vya kuhesabu, kesho nani atahangaika kuwakinga?

Yule mgonjwa wa Bethzatha alikuwa ameugua miaka 38. Yesu alijua hivyo, na hakumpita.

Basi ukiwa na kikohozi, funika mdomo, kapime. Jirani yako kwenye benchi la kanisa huenda ana ugonjwa usioujua, na si lazima akuambie ndipo umpende.

Tuwaombee marehemu wetu wote, waliohesabiwa na wasiohesabiwa. Amina.