Saa za Mtu Zina Wenyewe

Jua likishatua katika mtaa wa Kabondo, hapa Kisangani, si ajabu ukapita mbele ya duka la jumla ambalo mlango wake wa chuma umeteremshwa nusu, ukadhani limefungwa, kumbe ndani vijana wangali wanapanga mifuko ya saruji na kuhesabu magunia ya mchele kwa mwanga wa simu. Mwenye mali hakuwatolea ukali. Aliuliza tu, tena kwa upole, ni nani aliye na haraka ya kwenda kwake, na kwa kuwa kila mmoja ajua jinsi nafasi yake inavyotamaniwa na wengi walio nje, hakuna aliyejibu. Suala langu ni hili: je, kunyamaza kule ni ridhaa?

Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliweka mpaka wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Na saa 6 za kwanza zinazozidi hapo huongezewa ujira kwa asilimia 30, zinazofuata kwa asilimia 60, na za siku ya mapumziko kwa asilimia 100. Katiba ya mwaka 2006 nayo imekataza kazi ya shuruti. Lakini nchi hii yajua tangu zamani kwamba mpaka huweza kuandikwa usifuatwe: amri ya Mfalme Leopold II ya mwaka 1903 ilitaja saa 40 kwa mwezi za kazi ya kodi, hali huko msituni kilichopimwa kilikuwa uzito wa mpira, na siku 60 kwa mwaka za kilimo cha lazima, zilizowekwa na serikali ya Kibelgiji mwaka 1933, zilifanywa 120 mwaka 1942 kwa hoja ya vita. Babu zetu hawakuulizwa ridhaa yao. Sisi twaulizwa, na ndiyo maana yatupasa kuichunguza ridhaa yenyewe.

Waislamu wa mji huu wanakijua kisa cha Salman al-Farisi, sahaba wa Mtume, aliyemzuru nduguye Abu Dardaa akamkuta afunga mchana na kusali usiku kucha, mkewe amesahauliwa. Akamlazimu ale, akamlaza hata usiku ulipokaribia kwisha, akamwambia kwamba Mola ana haki kwake, nafsi yake ina haki, na ahali yake wana haki, basi ampe kila mwenye haki haki yake. Na Mtume akamsadiki Salman. Tufikiri vema: ikiwa ibada, iliyo tukufu kuliko kazi zote, haikuruhusiwa kumeza saa zote za mja, tajiri wa saruji ameipata wapi ruhusa hiyo? Kwa Wakristo, Torati iliamuru mtumwa na mjakazi wapumzike siku ya Sabato kama bwana wao, ikiwakumbusha mabwana kwamba wao pia walikuwa watumwa Misri. Na Papa Leo XIII, katika waraka wake wa mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alifundisha kwamba mtu hawezi, hata kwa hiari yake, kukubali kutendewa yanayoipinga hadhi ya nafsi yake. Basi saa za mtu ni amana yenye washirika wengi, na mshirika mmoja hana mamlaka ya kuuza fungu la wenzake.

Atasema mtu kwamba kijana mwenyewe huziomba saa za ziada, maana mshahara hautoshi kodi ya nyumba na ada ya watoto. Ni kweli, wala simlaumu. Mwenye dhiki hatafuti fadhila, atafuta unga. Lakini dhiki hiyo ndiyo inayoitia ridhaa yake ila, na mwajiri anayeijua kisha akaitumia hawezi kujikinga kwa neno la hiari. Nyongeza iliyowekwa na sheria ni hatamu ya kumzuia mwajiri asizoee kuhodhi jioni za watu. Asiyeilipa amekula haki mara mbili, ya ujira na ya wakati.

Anayetaka kuhakikisha kwamba wafanyakazi wake hubaki kwa hiari ana njia nyepesi ya kujua: mmoja wao na aondoke saa yake ya kutoka inapotimia, kisha itazamwe kama mwisho wa mwezi bado ana kazi.