Hakuna Aliyetaja Kisu

Tangu S. S. Mushi alipoitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968, tamthilia ya Macbeth imekuwa rahisi kwetu kuihukumu: tamaa mbele, mauti nyuma, basi, kitabu kifungwe. Methali hiyo haina kosa, ila inapita mbio mahali ambapo Shakespeare alitua.

Wachawi watatu wanamwamkia Macbeth kwa vyeo vitatu. Ubwana wa Glamis ni wake tayari. Ule wa Cawdor Mfalme Duncan ameshamtunuku katika onyesho lililotangulia. Watazamaji tunajua, mwenyewe bado. Kinachobaki kuwa utabiri ni ufalme tu, na humo hamna amri yoyote. Hakuna aliyetaja kisu.

Kwa kitambo Macbeth anafikiri sawasawa, kwamba kama majaaliwa yanamtaka awe mfalme, hana haja ya kujisumbua. Kisha Duncan anamtangaza mwanawe Malcolm kuwa mrithi, na subira inakatika. Hapo ndipo neno "tamaa" linapotutupa mkono. Mtu aliyeahidiwa shamba na baba yake, naye anaiamini ahadi, haendi usiku kung'oa vigingi vya mpaka. Anayekwenda ana shaka. Kwa maoni yangu Macbeth alimuua Duncan kwa sababu hakuuamini utabiri, si kwa sababu aliuamini mno.

Tazama anavyoendelea. Anaambiwa Banquo, jemadari mwenzake, atazaa wafalme, naye anatuma wauaji walitangue neno la wachawi walewale waliomtabiria taji. Banquo anauawa, mwanawe Fleance anaponyoka. Baadaye anahakikishiwa kuwa hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru. Anafurahi, anasema moyoni mpinzani wake Macduff na aishi, na papo hapo anabadili nia: afe tu, kwa usalama zaidi. Usalama gani tena, kama neno lile ni kweli? Macduff ameshakimbilia Uingereza, kwa hiyo upanga unamshukia mkewe na watoto. Adui aliyekuwa na sababu za kisiasa sasa ana kisasi cha damu, na ndiye atakayemkata Macbeth kichwa.

Je, Banquo, aliyengoja utabiri wake utimie, ndiye mwema? Swali hili linanisumbua kuliko la Macbeth. Katika tarehe za Holinshed, alikochota Shakespeare, Banquo alishiriki njama ya kumuua Duncan. Lakini tamthilia iliandikwa yapata 1606, wakati Uingereza inatawaliwa na James, mfalme aliyetoka Uskoti mwaka 1603 na aliyehesabiwa kuwa wa uzao wa Banquo. (Wanahistoria wa leo hawaoni kwamba mtu huyo aliwahi kuishi.) Ilibidi babu wa mfalme asafishwe, naye Shakespeare akamsafisha, ila si mpaka akatakata.

Siku ileile atakayouawa, Banquo anasimama peke yake jukwaani akishuku kwamba taji limepatikana kwa hila chafu. Jambo linalomfuata akilini si Duncan wala haki. Anawaza kuwa, ikiwa wachawi walisema kweli kwa Macbeth, huenda na neno lake yeye litatimia. Baragumu linalia, mfalme anaingia, na Banquo anamjibu kwa utiifu wote. Alikuwa na neno la kumtia mashakani mwuaji. Akaliweka, kwa kuwa kutimia kwa utabiri wa Macbeth ndiko kulikompa matumaini ya ule wa wanawe.