Utu wa Mwanafunzi Mtu Mzima

Elimu ya watu wazima, yaani mafunzo yanayoandaliwa kwa ajili ya watu waliokwisha kubeba majukumu ya familia, kazi na uraia, huibua swali la kimaadili lisilojitokeza kwa ukali huo katika shule ya watoto: mtu anawezaje kumfundisha mtu mzima mwenzake bila kumvunjia utu wake? Mwanafunzi huyo huja na shamba analolijua msimu kwa msimu, watoto aliowalea na misiba aliyoibeba, na mwalimu anayemwona kuwa hajui lolote humkosea adabu kabla hata hajaandika herufi ya kwanza ubaoni.

Tanzania ililikabili swali hili kwa upana ambao nchi chache zilithubutu. Julius Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, tayari kulikuwa na mradi wa majaribio ulioungwa mkono na UNESCO katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, ambako vitabu vya kujifunzia kusoma vilitungwa juu ya kilimo cha pamba, uvuvi na ufugaji. Mbinu hiyo iliitwa kisomo chenye manufaa, maana yake kujifunza kusoma na kuandika kupitia kazi ambayo mwanafunzi huifanya kila siku. Heshima iliyomo humo ni ya kweli, ingawa ni heshima ya nusu, kwa sababu namna bora ya kulima pamba ilikuwa imekwisha kuamuliwa na mtaalamu kabla mkulima hajakaa darasani.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilipiga hatua zaidi. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vidogo, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo, kufyeka nyasi na kufukia madimbwi yanayozalisha mbu. Jambo la kutafakariwa hapa ni nafasi ya majadiliano, ambayo yaliwekwa kati ya sauti ya redio na jembe. Humo mtu aliweza kuuliza choo kitajengwaje kwenye udongo wa kichanga, au nani atamchimbia bibi kizee asiye na mtoto, maswali ambayo majibu yake yalipaswa kutoka kwa wanakijiji wenyewe.

Hata hivyo, miaka ileile ndiyo iliyoshuhudia watu wengi wakihamishiwa vijijini kwa nguvu, licha ya Nyerere mwenyewe kueleza katika Uhuru na Maendeleo, mwaka 1968, kwamba watu hawawezi kuendelezwa na wengine bali hujiendeleza wenyewe. Mgongano huo unajificha katika kila mpango unaojivunia ushiriki wa jamii: anayechimba choo kwa kuridhika na anayechimba kwa kumwogopa kiongozi wa mtaa hushika jembe lilelile, na takwimu za vyoo haziwezi kuwatofautisha.

Paulo Freire, mwanafalsafa wa elimu kutoka Brazil, alisisitiza kwamba mwanafunzi lazima aanze kwa kuuhoji ulimwengu wake. Wazo hilo lilichukua sura ya vitendo katika mbinu ya REFLECT, iliyojaribiwa miaka ya 1990 katika Bundibugyo, Uganda, ambapo wanafunzi huchora ramani ya kijiji chao chini kwa vijiti na mbegu, na maneno ya kusomwa hutokana na mchoro huo. Ni mbinu yenye adabu kubwa, lakini nayo haijamaliza tatizo, kwa kuwa jamii ina wakubwa na wadogo wake. Ikiwa mwenyekiti ndiye anayeshika kijiti na wanawake wanatazama, ramani itakayochorwa ni ya mwenyekiti.

Yapo pia matakwa ambayo hata wapenda ukombozi huyadharau. Wako wazee wanaojiandikisha kwa sababu moja tu, kuisoma Biblia au tafsiri ya Kurani kwa macho yao wenyewe kabla ya kufa. Haja hiyo haiongezi mavuno wala haichimbi choo, lakini ni haja ya nafsi inayojitafutia njia ya kumjua Muumba wake, na mwalimu anayeiahirisha ili kupisha somo la mbolea anakuwa ameamua, kwa niaba ya mtu mzima, kipi kina thamani katika maisha yake.