Kitoweo Bila Nyama



Lipo swali ambalo zamani lisingeulizwa katika nyumba ya Muislamu wa pwani, na leo laulizwa. Kijana amerudi kutoka masomoni, au binti amekuja likizo kutoka Maskati. Anapakuliwa wali na mchuzi wa nyama, naye anazisogeza nyama kando ya sahani na kusema, “Mama, mimi siku hizi sili nyama.” Mama anashtuka. Kwanza anadhani mtoto ni mgonjwa. Kisha anadhani amefuata dini ya Mabaniani. Mwisho, na hili ndilo linalomuuma zaidi, anaona kuwa chakula chake kimekataliwa. Baba naye anasema neno moja tu, “Haramu,” na anaendelea kula.

Hebu tulitazame jambo hili kwa makini, maana baba amekosea, na mtoto naye yu karibu na kosa kubwa kuliko la baba yake.

Nyama ya mnyama wa halali, aliyechinjwa kisharia, ni halali. Hilo halina mjadala. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 87, Mwenyezi Mungu anawakataza waumini kujiharimishia vitu vizuri alivyowahalalishia. Na Sura ya At-Tahrim inaanza kwa kumuuliza Mtume mwenyewe (s.a.w.) kwa nini ajizuilie alichohalalishiwa. Tena ipo hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, inayoligusa swali letu moja kwa moja. Baadhi ya masahaba walikwenda kuuliza ibada za Mtume nyumbani kwake. Waliposikia, mmoja alisema kuwa hataoa, mwingine akasema kuwa hatalala kitandani, na mmoja wao akasema kuwa hatakula nyama. Mtume (s.a.w.) aliposikia habari yao aliwakanya mbele za watu. Alieleza kuwa yeye husali na hulala, hufunga na hufungua, na huoa wanawake. Basi mwenye kuipa kisogo sunna yake si katika yeye.

Lakini tazama vizuri ni mlango gani uliofungwa hapo. Hawakukanywa kwa kuacha chakula fulani. Walikanywa kwa kuifanya njaa ya nyama kuwa ngazi ya kumpandia Mola, kana kwamba asiyekula ni mtakatifu kuliko alaye. Ushahidi wa maneno haya umo katika hadithi nyingine mashuhuri. Mtume (s.a.w.) aliletewa nyama ya dhabb, mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, akaurudisha mkono wake. Khalid bin Walid (r.a.) akamuuliza kama ni haramu. Mtume akajibu kuwa si haramu, ila mnyama huyo hayupo katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haimtaki. Khalid akaivuta ile nyama kwake akaila, na Mtume anamtazama. Sinia moja, mmoja anakula na mwingine hali, na hakuna aliyemhubiria mwenzake.

Hapo ndipo baba alipokosea. Kuacha cha halali si haramu. Wangapi kati yetu hatujawahi kula pweza maisha yetu yote, na hakuna aliyetuita makafiri? Na hapo ndipo mtoto aangaliapo pabaya: siku atakapotoka katika kusema “sili” na kuingia katika kusema “alaye ni dhalimu”, atakuwa ameivuka mipaka ya dhabb na kuingia katika mipaka ya wale watu watatu.

Wala asidhani kuwa yeye ni wa kwanza. Mshairi kipofu wa Sham, Abul-Alaa al-Maarri, aliyefariki mwaka 1057, aliacha nyama kwa miaka mingi ya maisha yake, na pamoja nayo akaacha maziwa, mayai na asali. Mwanachuoni wa dola ya Fatimiya aliyekuwa Misri, al-Muayyad fid-Din wa Shiraz, alimwandikia barua akimtaka atoe hoja zake. Maarri alijibu kwa kutaja huruma kwa wanyama, na tena kwa kutaja uchache wa pato lake. Hoja aliyobanwa nayo ni ya aina ile ile watakayoitoa masheikh wetu leo, kwamba Muumba anawajua na kuwahurumia viumbe wake kuliko sisi, naye ameruhusu. Hoja hiyo ina nguvu kubwa juu ya mtu asemaye kuwa kuchinja ni dhuluma. Juu ya mtu asemaye tu kuwa nafsi yake haitaki, haina nguvu hata kidogo. Mimi naona Maarri alipotaja pato lake alisema neno la maana kuliko wasomaji wake wengi walivyolidhania.

Maana sisi watu wa Tanga, tuseme kweli, tumekula nyama kiasi gani? Sikiliza lugha yetu yenyewe. Mama amepika bada, yaani ugali wa unga wa mhogo, na chungu cha kunde kimeungwa kwa nazi, na mchicha upo. Jirani akipita kumuuliza hali, atamjibu, “Leo hatuna kitoweo.” Kunde na mchicha hazikuhesabiwa! Kitoweo kwa mtu wa pwani ni samaki au nyama. Kisichokuwa hivyo ni mboga tu ya kusukumia ugali. Miezi ya kusi, upepo unapovuma na vyombo havitoki Pangani wala Kipumbwi wala Moa, nyumba nyingi hula mboga siku kadhaa mfululizo, na hula kwa kuficha, mlango umerudishwa. Njaa haipo hapo. Iliyopo ni aibu.

Sasa linganisha na nyumba ya Mtume (s.a.w.). Imepokewa katika Sahihi Muslim kuwa siku moja aliwauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo. Kwa Kiarabu ni idam, na maana yake ndiyo hii hii yetu, kitu cha kulia mkate. Wakasema hapana ila siki. Akaitaka, akawa anaila huku akiisifu kuwa ni kitoweo chema. Siki, ndugu msomaji! Wala hakufunga mlango. Na Anas (r.a.) anasimulia kuwa alimwona akiyafuata mamumunye pembezoni mwa sahani, na tangu siku hiyo Anas akawa anayapenda. Katika sahani ile nyama ilikuwamo pia, na mkono wa Mtume ulikuwa ukienda kwenye mumunye.

Na hata sisi tunajua haya, ila tunayasahau Shawwal ikiingia. Itazame futari yetu: mihogo ya nazi, magimbi, ndizi, viazi vitamu, maboga, bhajia za kunde, uji. Hicho ndicho chakula kinachosubiriwa kwa hamu kuliko vyote katika mwaka, na sehemu kubwa yake imetoka ardhini. Sijasikia mtu aliyefuturu magimbi ya nazi akalalamika kuwa hana kitoweo.

Kwa hiyo kijana yule hakuleta chakula kigeni nyumbani. Amekirudia cha bibi yake. Kilicho kigeni ni kwamba amekichagua, na bibi yake hakuchaguzwa.

Watu huuliza, na samaki je? Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelijibu hili katika mlango wa viapo. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa mtu akiapa kutokula nyama kisha akala samaki, hakuvunja kiapo chake, ingawa Qur'ani yenyewe imekiita kivuliwacho baharini nyama laini. Kipimo ni desturi ya watu katika kusema. Lakini mwenye kuacha ng'ombe kwa sababu ya huruma, kisha akanunua samaki wa baruti, hebu aiulize huruma yake inakaa wapi. Pwani yetu ya Tanga ilipata sifa mbaya kwa baruti kwa miaka mingi. Mlipuko mmoja huua wakubwa na vitoto vyao, huvunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba yao, na wengi wa waliokufa huzama bila kuokotwa. Miaka ya karibuni serikali imekaza mkono na milio imepungua. Aliyekuwa akinunua samaki wale kwa urahisi wa bei alikuwa mshirika, hata kama ng'ombe hajamgusa.

Wapo wanaoacha kwa ajili ya afya, nao hawahitaji maneno mengi. Daktari akimwambia mtu mwenye gauti apunguze nyama, kumtii ni kuuhifadhi mwili, nao mwili ni amana. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliziweka nyama za kusindikwa, kama soseji, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vinavyodhaniwa hivyo. Lakini mama mjamzito na mtoto mdogo wasiachishwe nyama, samaki, mayai na maziwa kwa pamoja bila ushauri wa daktari. Ipo vitamini, B12, ambayo mboga zetu hazina. Madini ya chuma yaliyomo katika kunde na mchicha huingia mwilini kwa shida, na huingia vizuri zaidi mtu akikamulia ndimu. Tena hofu peke yake haidumu. Mwaka 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipoua watu zaidi ya 100 nchini, mabucha yalikosa wateja na watu wakakimbilia samaki na kuku. Homa ilipokwisha, foleni zikarudi pale pale.

Sasa nikugeukie wewe unayekula, na mimi nimo pamoja nawe. Tumezoea kumtaka asiyekula atoe sababu. Mimi nasema mwenye deni la kujieleza ni sisi. Maana ruhusa tuliyopewa imekuja na masharti, na tumeyapunguza mpaka limebaki moja. Tunauliza kachinja nani. Hatuulizi mnyama kafikaje. Mtume (s.a.w.) ameamrisha kisu kinolewe na mnyama astareheshwe, na amemkemea aliyekinoa kisu huku mnyama anatazama. Nenda kasimame barabarani utazame: kuku kumi wamefungwa miguu, wananing'inia vichwa chini kwenye usukani wa baiskeli jua la saa saba. Mbuzi amefungwa nyuma ya pikipiki kama gunia la mkaa. Ng'ombe wametoka Handeni au Kilindi wamesimama katika lori, aliyeanguka anakanyagwa na wenzake, na maji hawajayaona. Mwisho wa safari hiyo tunasema Bismillahi, na tunaona mambo yamekamilika. Nyama ni halali, ndiyo. Mateso yale yamehalalishwa na nani? Qur'ani katika Sura ya Al-An'am, aya ya 38, imewaita wanyama na ndege kuwa ni umma kama sisi. Asiyekula nyama huenda amekosa katika hoja zake nyingi, lakini kuku yule wa kwenye baiskeli amemwona. Sisi tunapita.

Na iko nyama ya sifa. Imam Malik katika Muwatta amepokea kuwa Sayyidna Umar (r.a.) aliwaonya watu juu ya nyama, kuwa ina uraibu kama uraibu wa pombe, tena alimkuta Jabir amebeba nyama akamhoji kama hakuna hata mmoja wao awezaye kuifunga njaa yake kwa ajili ya jirani. Uraibu wetu sisi hauko ulimini tu, uko katika macho ya watu. Mjane amefiwa, eda haijaisha, anakopa ili hitima ya arobaini isiitwe kavu. Sunna ni kinyume chake kabisa: alipouawa Jaafar bin Abi Talib (r.a.), Mtume aliamrisha watu wawapikie wafiwa. Sisi tunawaendea wafiwa tukatafute minofu katika pilau yao. Kama kuna nyama ambayo ningemshauri kila Muislamu wa mwambao huu aiache kuanzia kesho, ni hiyo, na wala sihitaji kuusubiri ushahidi wa madaktari.

Ama wewe uliyeamua kuacha, usiape. Ukiapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kuwa hutakula, kisha hali ikakulazimu, utadaiwa kafara ya kulisha masikini kumi au kuwavika, na ukishindwa, kufunga siku tatu. Sema tu kuwa huli, kama unavyosema huvai kofia nyekundu. Ukialikwa, fuata mwendo wa Mtume (s.a.w.), ambaye hakupata kukitia chakula ila, akikitamani alikula, asipokitamani alikiacha kimya kimya. Na mama aliyekupakulia, kula wali wake na mchuzi wake wa kunde mpaka sahani ing'ae, umwombe tena. Atajua kuwa mkono wake hujaukataa.

Limebaki swali la Idi kubwa. Je, asiyekula nyama achinje? Kwa uwezo alio nao, ndiyo. Kuchinja siku ile ni sunna iliyotiliwa nguvu, na kula kwake yeye si lazima. Minhaj inasema lililo bora ni kuitoa sadaka yote, isipokuwa tonge chache za kutafuta baraka. Na mnyama wa nadhiri, mwenye nadhiri haruhusiwi kumla kabisa. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa walichinja mbuzi wakamgawa, Mtume akauliza kilichobaki, akaambiwa ni bega tu. Akamfahamisha kuwa kilichobaki ni kile chote walichokitoa, isipokuwa hilo bega. Basi na achinje kwa kisu kikali, mnyama akiwa amenyweshwa maji, na apeleke mafungu uswahilini Ngamiani au kijijini kwao Mkinga. Na akimkuta mtoto wa jirani, ambaye nyama kwake ni ya Idi hadi Idi, akitafuna mfupa kwa furaha, hana la kumwambia ila kumwongezea mchuzi.