Ukimya Si Amani

Liko swali ambalo sisi waumini hukutana nalo kila panapotokea manung'uniko kati yetu: je, jambo likinyamazishwa, limekwisha? Wengi tungependa kujibu ndiyo, maana ukimya hutupumzisha. Lakini nabii Yeremia, katika sura ya 6, aliwalaumu viongozi walioliponya jeraha la watu kijuujuu, wakatangaza amani isiyokuwapo. Tulitazame swali hili kwa msaada wa chombo tunachokisikia kila Jumapili, yaani gitaa la umeme la kwaya.

Chini ya nyuzi za gitaa kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana. Uzi ukitikisika, waya huo hutoa umeme mdogo, na amplifaya huukuza hadi tukausikia. Lakini waya huohuo hunasa pia mtikisiko wa umeme wa ukutani, ambao hapa Tanzania huenda mizunguko 50 kwa sekunde. Gitaa likifunguliwa likabadilishiwa nyaya, kisha waya wa ethi ukaachwa au ukalehemiwa vibaya, spika huvuma hata kabla ya wimbo kuanza.

Jambo la kwanza tunalolifanya ni kumtafuta wa kulaumiwa. Mvumo umekuja baada ya fundi kulishika gitaa, basi ni fundi. Hapa tujihadhari. Kilichotokea baadaye si lazima kiwe kimesababishwa na kilichotangulia. Huenda siku hiyohiyo zilifungwa taa mpya, au chaja ya simu ilichomekwa karibu na amplifaya. Ihumwa yetu imepokea watu wengi tangu Serikali ilipohamia Dodoma na Mji wa Serikali kujengwa jirani, Mtumba. Wageni wanaingia katika kwaya na kamati. Kukitokea ugomvi baada ya mgeni kupewa nafasi, ni rahisi kusema yeye ndiye aliyeuleta. Tunamhukumu mtu kwa kalenda, wala hatujampima.

Fundi mwenye busara hahukumu hivyo. Huanza na lililo karibu, hubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha husikiliza. Huchomoa gitaa: amplifaya ikiendelea kuvuma peke yake, gitaa halina hatia. Hujaribu waya mwingine wa kuunganishia, kisha gitaa jingine. Mvumo ukibaki kwenye lile lililobadilishwa, hugusa nyuzi. Ukipungua mpigaji anapozigusa, hiyo ni kawaida, na ni ishara kwamba nyuzi zimefungwa kwenye ethi. Usipobadilika hata kidogo, huenda waya unaotoka kwenye daraja la nyuzi umeachia. Ukizidi, huenda nyaya mbili za jeki zimepishana. Ndipo hufungua kifuniko, akijua anachokitafuta.

Bwana wetu alitupa utaratibu unaofanana na huo katika Mathayo 18. Ndugu akikukosea, mwendee ninyi wawili tu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Kanisa zima huja mwishoni. Sisi mara nyingi tunaanza kinyume: tunalitangaza jambo kwenye kikao, au kwenye kundi la simu, kabla mhusika hajaulizwa lolote. Ni sawa na kubomoa ukuta wa kanisa ili kutafuta waya ulioachia ndani ya gitaa.

Kuna njia ya mkato iliyo mbaya zaidi. Wengine hukata waya wa ethi ndani ya plagi ya amplifaya, na wakati mwingine mvumo hukoma kweli. Kusanyiko linafurahi. Lakini waya ule uliwekwa ili umeme ukivuja upite ardhini, usipite mwilini mwa mtu. Tukiukata, hitilafu ndogo ndani ya amplifaya yaweza kuzifikisha volti 230 kwenye nyuzi, na kijana aliyeshika gitaa huku midomo yake ikigusa maikrofoni akawa ndiye njia ya umeme. Mwezi Mei 1972, mjini Swansea huko Wales, mpiga gitaa Les Harvey alikufa jukwaani alipogusa maikrofoni isiyokuwa na ethi. Hapa kwetu, ardhi inapokauka miezi mingi bila mvua, hata fimbo ya ethi iliyochimbiwa hupitisha umeme kwa shida. Tuna sababu zaidi ya kutochezea ulinzi huu.

Basi tujiulize: utulivu wetu unalipiwa na nani? Mjane anapoambiwa asiulize habari za michango ili kanisa lisitikisike, au binti anapoombwa asitaje aliyemdhulumu ili jina la kwaya lisichafuke, tumekata ethi. Hatusikii mvumo tena, lakini mzigo wote unapita kwa mtu mmoja asiye na kinga. Mficha maradhi, kifo humuumbua; na mara nyingi anayeumbuliwa siye aliyeficha.

Tusifike mahali pa kuogopa kila sauti. Katika ilimba ya Wagogo, ambayo marehemu Hukwe Zawose aliipeleka mbali duniani, hubandikwa utando wa buibui juu ya tundu la sanduku ili sauti iwe na mzizimo wake. Mzizimo huo uliwekwa makusudi na unautumikia wimbo. Vivyo hivyo swali la mzee kuhusu hesabu, au la kijana kuhusu mahubiri, laweza kukwaruza masikio na bado likawa sehemu ya wimbo wa kanisa. Kabla ya kuinyamazisha sauti yoyote, tuulize inatoka wapi na inamtumikia nani.

Amani ya Kristo haihitaji mtu mmoja aumie ili wengine wapumzike. Ikitupasa kuvumilia mvumo Jumapili mbili au tatu huku waya ukitafutwa kwa uaminifu, na tuvumilie. Bwana atupe masikio ya kusikiliza, na mikono isiyo na haraka ya kukata.