Haki ya Asiyeweza Kunena
Wanazuoni wa fikihi wamekubaliana kuwa mtoto mdogo, na kila asiyeweza kupambanua, ameondolewa taklifu, yaani wajibu wa kisheria wa dini. Lakini haki zake juu yetu hazikuondolewa, na hapo ndipo penye mtihani wetu. Mwenye usonji mzito, ambaye jopo la jarida la Lancet mwaka 2021 lilisema kuwa anahitaji mtu mzima wa kumwangalia usiku na mchana, anapojiuma kiganja na kujigonga sikio, tabibu mwenye haraka husema, “Hiyo ndiyo hali yake,” ilhali huenda jino limeoza au amefunga choo. Hiyo, kwa yakini, ni dhuluma. Tabibu muadilifu huzima taa kali, humuuliza mama ni lipi lililobadilika tangu jana, kisha humkagua kinywa, masikio na tumbo taratibu, hata ikibidi wagonjwa wengine wangoje.