Je, Kila Ukimya ni Haya?



Ndugu yangu uliyeingia chuo kikuu mwaka huu, hasa wewe ambaye tangu ufike hakuna aliyekusikia ukisema neno darasani, makala haya ni yako. Tunataka kulitazama swali ambalo wengi wetu hulikwepa: ninaponyamaza mbele za watu, je, hiyo ndiyo haya ambayo Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa ni katika imani, au ni kitu kingine nilichokivisha kanzu ya haya?

Chukua mfano wa kijana ambaye kwao ni Chovae, kimojawapo cha visiwa vya Wabajuni vilivyopangana kutoka upande wa Kismayo kuteremka kuelekea mpaka wa Kenya. Huenda amezaliwa huko. Huenda pia hajawahi kukiona kisiwa hicho, kwani serikali ya Siad Barre ilipoanguka Januari 1991, Wabajuni wengi walikimbilia pwani ya Kenya, na watoto wao wakakua wakiisikia Chovae midomoni mwa wazee tu. Nyumbani kwao wanasema Kibajuni. Ng'ambo ya mpaka, lugha ya serikali tangu 1972 ni Kisomali. Mihadhara anayohudhuria ni kwa Kiingereza. Siku moja, katika kikundi cha majadiliano, ulimi unamponyoka anasema "nchu" badala ya "mtu", na wenzake wanacheka. Mara moja yatosha. Tangu siku hiyo anakaa safu ya nyuma, na watu wanamsifu: kijana huyu ana haya sana.

Lakini tukumbuke kwamba pwani kwetu neno "chuo", kabla ya kuwa chuo kikuu, lilikuwa ni madrasa. Kijana huyu alipokuwa mdogo alikaa chini mbele ya mwalimu wake akasoma kwa sauti, akakosea, akasahihishwa, akasoma tena, na watoto wote wanasikia. Hakuna aliyemwambia kuwa huko ni kukosa haya. Basi malezi yake siyo yaliyomfunga mdomo. Kilichomfunga ni kile kicheko.

Hapo ndipo penye tofauti. Haya ni kuona vibaya kutenda lililo baya, kwanza mbele ya Allah, kisha mbele ya waja wake. Humzuia mtu asiseme uongo, asimkate mzee kauli, asitazame asichohalalishiwa. Woga wa watu hauulizi kama jambo ni jema au ni baya. Unauliza tu: watanionaje? Kwa hiyo woga ule ule unaokuzuia kuuliza swali darasani utakuzuia kesho kuwaambia wenzako, "Niwieni radhi, Magharibi inanipita, naenda kuswali." Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa haya haileti isipokuwa kheri. Basi kinachokuzuia kuifikia kheri kitafutie jina jingine.

Bi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Bi Ummu Sulaym alimwendea Mtume (S.A.W.) kuuliza juu ya janaba ya mwanamke, swali ambalo wengi wetu leo tungelimeza. Hakulimeza. Alitanguliza kwanza kwamba Allah haoni haya katika haki, kisha akauliza. Haya yake ilionekana katika namna ya kuuliza, wala haikumfanya aache kuuliza.

Mtu atasema: mbona Abdullah bin Umar alinyamaza? Kisa chake kinajulikana. Mtume (S.A.W.) aliwauliza masahaba juu ya mti unaofanana na Muislamu. Watu wakafikiria miti ya nyikani. Abdullah moyoni akajua ni mtende, lakini alikuwa mdogo kuliko wote pale, akamwona Abubakar na baba yake wamenyamaza, akaona haya kusema. Baadaye alipomweleza baba yake, Sayyidna Umar (R.A.) hakumsifu kwa kunyamaza, wala hakumkemea. Alimwambia kuwa lau angalisema, lingalikuwa jambo la kupendeza mno kwake.

Tulizingatie vizuri. Abdullah alikuwa na udhuru: mbele yake walikuwapo wakubwa wa umma huu. Hata hivyo baba yake alisikitika, kwa sababu jibu sahihi lilikuwamo kifuani mwa mtu na halikutoka. Wewe darasani umezungukwa na rika lako. Na siku mhadhiri atakaposema kwamba watu wa Somalia wote ni wafugaji wa ngamia wenye lugha moja, nani atasema kuwa kuna visiwa, kuna wavuvi, kuna Kibajuni, ikiwa mwana wa Chovae aliyeko ukumbini amenyamaza? Ujuzi wake hapo ni amana. Akinyamaza, wenzake wataondoka na kosa daftarini, na yeye alikuwa na uwezo wa kulisahihisha.

Hata hivyo, hatusemi kila mtu awe msemaji. Allah ameumba wapole na wachangamfu, na upole si ugonjwa wa kutibiwa. Sayyidna Ali (R.A.) alikuwa na swali la tohara aliloona haya kumuuliza Mtume (S.A.W.) mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mkwewe. Akamwomba Miqdad amuulizie. Haya yake ilibaki, na elimu akaipata. Nabii Musa (A.S.) naye alimwomba Mola wake amfungue fundo la ulimi, na pamoja na hilo akaomba apewe nduguye Harun wa kumsaidia. Kuhitaji mwenzako si unyonge.

Basi anza kwa mtu mmoja. Mfuate mhadhiri baada ya kipindi, au mwandikie. Kaa na mwenzako mmoja baada ya Alasiri msikitini, mwambie, "Hapa sikufahamu." Abdullah alikuwa na baba wa kumweleza lililokuwa moyoni. Wewe uliye mbali na nyumbani, usipomtafuta wa kukusikiliza, swali lako litabaki nawe mpaka siku ya mtihani. Na huyo Abdullah aliyenyamaza siku ile, baadaye umma umepokea kwake hadithi zaidi ya 2,600.

Neno la mwisho ni kwetu tuliotangulia na tunaosema bila taabu. Tunamhimiza mpole azungumze, kisha akizungumza tunacheka lafudhi yake. Kicheko hicho kina sehemu kubwa ya lawama. Qur'ani imetukataza watu kuwadharau watu, huenda wanaodharauliwa ni bora kuliko wanaodharau. Kama kuna aliyekosa haya katika kile kikundi cha majadiliano, si yule aliyesema "nchu".

Allah atujaalie haya inayotuepusha na maovu, na atuondolee woga unaotuzuia kufanya mema. Amin.